Aliyesimama Kichwani pa Nyundo

Nyundo alikutwa Jumatatu asubuhi, amelala chali kwenye benchi la mazoezi, chuma kikiwa kimemkalia shingoni. Mkono wake mmoja ulikuwa bado umekishika chuma hicho. Wa pili ulining'inia, vidole vikigusa sakafu.

Aliyemkuta alikuwa mama wa usafi. Hakupiga kelele. Aliweka ndoo chini, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi kumsubiri mwenye jimu. Mwenye jimu alipofika na kuona, yeye ndiye aliyepiga kelele.

Inspekta aliletwa na gari la kituo. Alikuwa mwanamke mwembamba, mchache wa maneno. Wenzake walimwita Sindano, wakidai huingia taratibu na maumivu huja baadaye. Nyuma yake alipanda Koplo, pande la mtu, tumbo mbele, akihema kwa ngazi za ghorofa moja tu.

"Ajali hii, afande," Koplo alisema, macho yakiwa bado mlangoni. "Kazidiwa na mzigo. Mbio za sakafuni huishia ukingoni."

"Huenda," Inspekta alijibu.

Alilizunguka benchi bila kugusa kitu. Ukuta mmoja wa jimu ulikuwa kioo kitupu, kwa hiyo kila alipokwenda aliiona maiti mara mbili. Chumba kilinuka mpira na jasho la juzi. Juu ya kaunta ilibandikwa picha ya marehemu mwenyewe, kubwa kuliko mlango, kifua wazi, mikono imekunjwa. Chini yake paliandikwa: "Njoo ubadilishwe."

Daktari wa polisi alikuwa amepiga magoti kando ya benchi.

"Jana mchana," alisema. "Koromeo limevunjika. Hana dalili ya kupigana na mtu, kucha zake nzima. Amepigana na chuma tu."

"Na hii?" Inspekta aliuliza.

Alikuwa akionyesha chaki. Wanyanyua vyuma hujipaka chaki viganjani ili chuma kisiteleze. Chaki ya Nyundo ilionekana pale alipokuwa ameshika, kulia na kushoto. Lakini katikati ya chuma, juu kabisa ya shingo yake, palikuwa na madoa mengine mawili yaliyokaribiana.

Fundi wa alama za vidole akainama na taa yake. Alichukua muda.

"Hazisomeki, afande. Zimeparuzika. Ninachokiona ni mkao tu. Mkono mmoja umeshika kutoka juu, wa pili kutoka chini."

"Za siku gani?"

Hilo lilijibiwa na mama wa usafi, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake.

"Vyuma vyote nilivifuta Jumamosi jioni, mwanangu. Kimoja kimoja. Bosi hunikagua kwa kidole. Na Jumapili panafungwa, haingii mteja."

Inspekta akamgeukia Koplo.

"Ajali yako ina watu wawili."

*

Mwenye jimu, ambaye kila mtu alimwita Bosi, aliwapokea ofisini akiwa amekaa katikati ya makopo ya unga wa kujenga misuli. Alikuwa na mabega mapana na miguu myembamba, kama mtu aliyeunganishwa kutoka kwa watu wawili.

"Kamera iliyoko pale mlangoni inaonyesha nini?" Inspekta alianza.

Bosi akajikuna shingo. "Ile ni ya kutishia tu. Ndani haina kitu."

"Funguo?"

"Ninazo mimi na alikuwa nazo Nyundo. Alikuwa akijiandaa kwa mashindano ya kunyanyua, nikamruhusu aje Jumapili."

"Na nani?"

"Peke yake, nijuavyo mimi."

"Ukocha alisomea wapi?"

Bosi alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayemwonea huruma mgeni. "Inspekta, mtu kama yule humuulizi kasoma wapi. Alisimama hapo ulipokaa, akavua fulana. Nikampa kazi."

"Na makocha wengine?"

"Wako wawili. Yupo kijana mmoja tunamwita Kioo, nilimchukua vivyo hivyo. Halafu yupo mama mmoja, Mwalimu. Alifundisha michezo shuleni miaka mingi. Huyo alikuja na vyeti, bahasha nzima. Nikampa wazee wa asubuhi, wenye presha na magoti."

"Nyundo alikuwa kocha mzuri?"

"Nyundo? Wateja walikuwa wanatoka hapa wanatambaa."

"Nimeuliza kama alikuwa mzuri."

Bosi akasogeza kopo moja kutoka kulia kwenda kushoto.

Inspekta alitoka mle akiwa na jambo moja kichwani. Kama Nyundo aliijua kazi yake, asingejilaza peke yake chini ya mzigo ule. Kama hakuijua, lolote liliwezekana. Kabla ya kujua Nyundo kafa vipi, ilimbidi ajue Nyundo alikuwa kocha wa namna gani. Na katika jengo lile zima, ilionekana hakuna aliyewahi kujiuliza.

*

Kioo alihojiwa kaunta. Jina lake halikuhitaji maelezo. Alijibu maswali akitazama ukutani, kule alikokuwa akijiona.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Harusini kwa shemeji yangu. Nilipiga picha."

Akatoa simu. Zilikuwa picha nyingi, na zote zilikuwa za Kioo. Katika moja, pembeni kabisa, alionekana bibi harusi nusu.

"Kwenye ncha za chuma kulikuwa na vibanio," Inspekta alisema. "Kazi yake nini?"

"Kuzuia sahani za uzito zisichomoke. Lakini Nyundo hakuvitumia hata siku moja. Alisema ni vya waoga."

"Ukiviacha, halafu mzigo ukakuzidi?"

"Unainamisha chuma upande mmoja, sahani zinamwagika, unatoka. Nyundo alifanya hivyo mwezi uliopita, akavunja vigae, Bosi akawaka moto."

"Na vikiwa vimebanwa?"

Kwa mara ya kwanza Kioo aliacha kujitazama. "Hapo huna pa kutokea. Unamtegemea Mungu na mtu aliyesimama kichwani."

"Eleza hilo la mtu wa kichwani."

"Mtu wa kukulinda. Anasimama nyuma ya kichwa chako, anakusaidia kukitoa chuma kwenye nguzo zake, halafu anakaa tayari. Ukishindwa, anakinyanyua."

"Nyundo alilindwa na nani?"

"Zamani mimi. Akanikataa. Alisema badala ya kumtazama yeye najitazama mwenyewe." Kisha akaongeza kwa haki, "Ni kweli."

"Baada yako?"

"Hakusema. Alisema tu kwamba sasa amepata mtu."

Inspekta akaandika. Mtu aliyeweka vibanio alikuwa na mazoea mema, mazoea ambayo marehemu hakuwa nayo. Na vibanio hivyo hivyo ndivyo vilivyomzibia njia.

"Nani alikuwa na kinyongo naye?"

"Dereva wa lori," Kioo alijibu bila kufikiri. "Alikuja Ijumaa na mkongojo wake. Alisema mbele za watu kwamba atamvunja Nyundo mgongo."

*

Dereva alikuwa amelala sakafuni nyumbani kwake, juu ya ubao uliotandikwa blanketi. Mkewe ndiye aliyewafungulia. Alikuwa mama mrefu mwenye uso wa kuchoka, naye hakuwapa viti kwa sababu vyote vilikuwa vimesogezwa ukutani kumpisha mumewe.

"Ulimtishia Nyundo," Inspekta alisema.

"Nilimtishia. Na kama ningekuwa na mgongo ningefanya."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Mtazame, dada," mkewe aliingilia. "Miezi sasa hata kikombe namshikia mimi. Ile Ijumaa alibebwa na ndugu zake wawili mpaka mlangoni pa jimu, ndipo akapewa mkongojo aingie kama mwanamume."

Dereva alicheka, akajuta, akakunja uso kwa maumivu.

"Nilikwenda pale kwa sababu ya kukaa sana kwenye usukani," alisema. "Siku ya pili tu akanibebesha mzigo ambao hata lori lingeomba msaada. Nikamwambia, kocha, kiuno kinauma. Akasema kiuno hakiumi, kinadeka. Nikasikia kitu kimekatika huku nyuma. Nilidhani ni mkanda wangu."

Koplo, bila kujijua, alishika kiuno chake.

"Lakini mimi nina afadhali," dereva aliendelea, sauti imeshuka. "Kuna kijana tulianza naye siku moja. Fundi wa miwani. Kijana mnene, mcheshi, alikuwa anataka kupungua kidogo tu. Nyundo akamweka chuma mabegani, akamchuchumalisha, inuka, chuchumaa, inuka. Miguu ikagoma. Nyundo akasema, moja tu. Ikiisha hiyo, moja tu. Sisi tukicheka, Mungu anisamehe, tulidhani ndiyo mazoezi. Kijana akaomba maji. Nyundo akamwambia, maji utakunywa kwenu."

"Kisha?"

"Alishuka ngazi kwa makalio, kama mtoto. Kabla wiki haijaisha tukasikia kafa. Figo. Bosi akatuambia alikuwa mgonjwa tangu zamani."

Mke wa dereva alikuwa amegeukia dirishani. "Mtu kama huyo," alisema, "ukisikia kafa unauliza tu ilichelewa kwa nini."

Hakuna aliyemkemea.

Ndani ya gari, walipovuka daraja, Koplo alifungua mdomo. "Afande, sisemi sheria. Nasema roho. Roho yangu haimlilii yule mtu."

"Hujaambiwa ulie," Inspekta alijibu. Lakini alikuwa ameushika usukani kwa nguvu kupita kiasi. Aliwahi kukamata majambazi waliowahurumia zaidi waliowaibia kuliko Nyundo alivyowahurumia waliomlipa.

Alipofika kituoni akampigia simu daktari wa polisi. Hakuhitaji kueleza sana.

"Fundi wa miwani. Namkumbuka," daktari alisema. "Misuli ya mapaja ilisagika. Misuli ikisagika hivyo, uchafu wake unaingia kwenye damu na kuziba figo. Mkojo wake ulikuwa mweusi kama kahawa. Kijana mzima kabisa, hakuwa na ugonjwa wowote wa zamani."

"Ndugu zake?"

"Mjomba mmoja alikwenda kwenye hiyo jimu, kisha kituoni kwenu, kulalamika, akarudi mikono mitupu. Mama yake alibaki mlangoni kwangu, amesimama wima kama askari wa gwaride. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu. Aliuliza kama mtu anayeijua kazi ya ukocha angeyaona yale yakija. Nikamwambia ndiyo, angeyaona mapema kabisa. Akanishukuru, akaenda zake."

Inspekta aliliandika swali hilo kwenye daftari lake.

*

Kesho yake asubuhi aliwakusanya makocha wote jimuni, pamoja na Bosi. Benchi lilikuwa lile lile. Chuma kilikuwa kingine, kimewekwa kwenye nguzo zake na sahani ndogo mbili.

"Koplo, lala."

"Mimi, afande?"

"Wewe."

Koplo akalala. Benchi lililia. Inspekta akawaambia wale watatu kwamba kila mmoja atasimama kichwani pa Koplo na kumlinda anyanyue mara chache, basi. Hakueleza sababu.

Kioo alitangulia. Alisimama vizuri, akapanua mabega, akaweka mikono yote miwili juu ya chuma, ikiwa imeachana, kisha macho yake yakahama yenyewe kwenda ukutani. Koplo alipotetemeka, Kioo alikuwa akipuliza nywele za kipajini zikae sawa.

Bosi alifuata. Alisimama mbali, mikono imenyooka mbele kama mtu anayepokea sinia, na mara ya tatu akaanza kuzungumza habari za bima.

"Chuma kinaniangukia," Koplo alisema kwa upole.

Wa mwisho alikuwa Mwalimu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mvi zimeanza masikioni, miwani machoni, raba nyeupe safi, mgongo wima. Siku zote mbili alikuwa ametoa majibu mafupi: Jumapili alikuwa nyumbani, peke yake. Sasa aliinama akamtazama Koplo usoni.

"Presha yako ikoje, baba?"

"Ipo, Mwalimu."

"Unameza dawa?"

"Nikikumbuka."

"Leo hutanyanyua kitu kizito, na jioni utameza. Miguu yako iweke sakafuni yote, usining'inize visigino. Pumua wakati unasukuma. Usiibane pumzi, itakupasua kichwa."

Akajipaka chaki. Akasogea karibu, magoti yamekunjika kidogo. Akashika chuma katikati, mikono yake imekaribiana, mmoja kutoka juu, wa pili kutoka chini.

Fundi wa alama za vidole, aliyekuwa amesimama pembeni, aliacha kutafuna.

Mwalimu akamlinda Koplo mpaka mwisho. Hakukigusa chuma wakati Koplo alipoweza, na mara ile mkono wa Koplo ulipolegea, chuma kilirudi kwenye nguzo kabla mwenyewe hajatambua kwamba ameshindwa. Akampangusa chaki begani. Akasimama, akamtazama Inspekta.

"Wengine wanaweza kwenda," Inspekta alisema.

Walipobaki wao watatu, hakukaa wala hakumkalisha.

"Ulijua kwa nini nimekuita."

"Nilijua ulipomlaza huyu baba."

"Ungeweza kushika vibaya makusudi. Kama Kioo. Kama Bosi."

"Kulikuwa na mtu chini ya chuma, Inspekta," Mwalimu alijibu. "Huyu hajanikosea kitu."

Koplo aliketi polepole kwenye benchi.

"Una watoto, Mwalimu?" Inspekta aliuliza.

"Nilikuwa naye mmoja."

"Alifanya kazi gani?"

"Alitengeneza miwani." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Hii niliyovaa aliitengeneza yeye."

Inspekta alimweleza haki zake, kwamba halazimishwi kusema neno, na kwamba atakalolisema linaweza kutolewa ushahidi mahakamani.

"Nitasema," Mwalimu alijibu. "Ila yaandikwe vizuri. Nimesahihisha madaftari maisha yangu yote, sipendi maelezo yenye makosa."

*

Alitoa maelezo yake kituoni, amekaa wima, mikono juu ya meza.

"Uliomba kazi pale ili umuue?"

"Hapana. Niliomba kazi ili nimpime."

"Kumpima vipi?"

"Daktari aliniambia kwamba mjuzi angeona. Nikataka kujua mambo mawili. Huyu mtu hakujua, au alijua na hakujali? Mjinga na katili hawaadhibiwi sawa. Hata shuleni."

"Ukaona nini?"

"Mwanzoni niliona mjinga. Hakujua moyo unakaa upande gani. Alimpa mama mjamzito mazoezi ya mabondia, nikamtoa kwa hila. Nikasema, basi, huyu nitamfundisha. Nikamwambia kuhusu maji. Nikamwambia kuhusu kupasha mwili joto, kuhusu mkojo ukibadilika rangi. Nilimweleza kama ninavyowaeleza watoto, taratibu. Unajua alinijibu nini?"

"Sema."

"Alisema, 'Mama, haya najua. Lakini mteja asipoumia hadhani amepata thamani ya fedha yake.'"

Koplo, aliyekuwa akiandika, alisimamisha kalamu.

"Kwa hiyo alijua," Inspekta alisema.

"Alijua. Na bado nilivumilia. Siku hiyo sikumfanya kitu. Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kitanda cha mwanangu nikajiambia, mwache, Mungu yupo." Akavuta pumzi. "Kisha siku moja kulikuwa na mteja mpya, kijana. Anaogopa. Nyundo akamwambia, ili kumchekesha, 'Usijali, hapa kafa mmoja tu. Alikuwa bonge, kachuchumaa siku moja, kaenda kufa kwao. Legelege.' Wakacheka wote. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa bibi mmoja namsaidia kutembea. Nikaendelea kumsaidia kutembea."

Nje ya dirisha mtu alikuwa akiosha pikipiki ya kituo.

"Siku hiyo nilimaliza kumsahihisha," Mwalimu alisema.

"Endelea."

"Alipomkataa Kioo akabaki bila mlinzi, nikajitolea. Alinikubali upesi. Aliwadharau watu wote lakini mikono yangu hakuidharau. Alijua kwamba nikisimama kichwani kwake hatadhurika. Jumapili nyingi nilimlinda, Inspekta. Nyingi ningeweza. Nilisubiri anizoee mpaka aache kunitazama."

"Kwa nini hasa Jumapili hii?"

"Alitaka kuvunja rekodi yake. Mzigo mkubwa kuliko wote. Nikamwambia tutumie vibanio, sahani zisije zikavunja vigae tena, Bosi akakasirika. Akasema sawa. Akalala. Akanyanyua vizuri, mara zote alizopanga. Akataka kurudisha chuma kwenye nguzo." Hapo, kwa mara ya kwanza, kitu kilipita usoni pake. "Nikamwambia, moja tu."

Inspekta hakusogea.

"Akasema hawezi. Nikamwambia, huwezi au unadeka? Moja tu. Kiburi kikampanda. Akashusha. Kilipogusa kifua akajaribu kusukuma, kikagoma. Akasema, chukua, Mwalimu. Mikono yangu ilikuwa hapa." Akaionyesha juu ya meza, mmoja umetazama juu, mmoja chini. "Ilikuwa imekishika. Nikaiondoa. Nikarudi nyuma hatua moja."

"Alisema nini?"

"Alidhani namtania. Kisha chuma kikaanza kuteremka kwenda shingoni. Nikainama ili anione vizuri. Nikamwambia, yule bonge aliyekuomba maji alikuwa mwanangu. Niliona amenielewa. Nilihakikisha ameelewa kabla. Kama asingeelewa, ningekinyanyua."

"Ungekinyanyua?"

"Ndiyo. Kingekuwa kifo cha bure."

Koplo alivua miwani yake ya kusomea, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. Inspekta alijaribu kutafuta ndani yake ile chuki ambayo askari humkuta nayo muuaji. Aliipata, lakini ilikuwa ikitazama upande mwingine.

"Mwalimu, ulikuwa na mdomo. Ungekuja hapa kituoni."

"Mjomba wake alikuja. Aliambiwa kijana alikwenda kwa miguu yake mwenyewe, na mazoezi si silaha." Akamtazama Inspekta machoni. "Simlaumu aliyesema. Alikuwa anapima asichokijua, kama wote."

"Unajuta?"

Mwalimu alifikiri kama anayetaka kutoa jibu sahihi.

"Nasikitika kwamba wazee wangu wa asubuhi hawana mtu. Magoti yao yalikuwa yameanza kukunjika. Lakini kwa yule, hapana. Mwanangu alifia mikononi mwa mtu asiyeweza kumwokoa. Nilitaka yeye afie mikononi mwa mtu anayeweza, na ajue kwamba anaweza, na amwone akikataa. Hilo ndilo nililolipanga. Andika hivyo hivyo, baba, usinipambie."

Koplo akaandika hivyo hivyo. Mwalimu alisoma karatasi zote, akasahihisha neno moja, akatia sahihi.

"Ni mauaji ya kukusudia," Inspekta alimwambia. "Sitakudanganya."

"Najua ni nini. Sasa nikuulize na mimi. Aliyempa kazi kwa kumtazama kifua, akaficha maiti ya mwanangu kwa uongo wa ugonjwa wa zamani, huyo sheria inamwitaje?"

Inspekta alikusanya karatasi zake.

"Huyo niachie mimi," alisema.

*

Asubuhi iliyofuata jimu ilikuwa wazi. Benchi lilikuwa limefunikwa shuka, na mbele ya ofisi ya Bosi walijipanga vijana watatu, fulana mikononi, vifua vimepakwa mafuta. Bosi alikuwa akimzunguka mmoja wao kama mnunuzi wa fahali.

"Geuka," alimwambia. "Kaza mgongo."

"Vaeni fulana zenu," Inspekta alisema kutoka mlangoni.

Bosi alitabasamu. "Inspekta. Nilisikia mmemkamata. Yule mama, nani angedhani. Mimi mwenyewe nilimwonea huruma nikampa kazi."

"Fundi wa miwani alikuwa na ugonjwa gani wa zamani?"

Tabasamu lilibaki usoni kidogo, kisha likakosa pa kushikilia.

"Nilisikia tu kwamba…"

"Kutoka kwa nani?"

"Watu."

"Daktari ameandika kwamba alikuwa mzima. Dereva wa lori atatoa ushahidi juu ya mazoezi aliyoyaona. Kioo ametuambia jana kwamba ulimwagiza aseme ni ugonjwa, hata polisi wakiuliza. Aliyasema akijitazama, lakini aliyasema." Inspekta alisogea. "Uko chini ya ulinzi kwa kusababisha kifo kwa uzembe na kuficha ukweli mbele ya wapelelezi. Koplo."

Koplo alitoa pingu. Wale vijana watatu walikuwa wanahangaika kuvaa fulana juu ya mafuta, zinagoma kupita mabegani.

"Sasa usaili wetu, afande?" mmoja aliuliza.

"Nendeni mkasome kwanza," Koplo alimjibu.

Mchana, kabla hajaondoka, Inspekta alipita mahabusu ya wanawake. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye mkeka.

"Bosi yuko chumba cha pili," Inspekta alisema kupitia nondo.

Mwalimu aliinua uso. "Analia?"

"Tangu alipoingia."

Mwalimu alisikiliza. Kutoka upande wa pili wa ukuta sauti ilifika, ya mtu mzima anayevuta kamasi. Alivua miwani, akaikunja, akaiweka kando ya kichwa chake. Kisha akajilaza, kwa mara ya kwanza tangu wamlete.

"Mwacheni alie," alisema, akafumba macho.